Flashi Kubwa: Kabla ya Kulipa na Baada ya Kulipa

Tukishakubaliana bei ya video ya harusi, wateja wangu wengi huuliza jambo moja: "Sasa ninunue flashi ya GB ngapi?" Enzi za DVD swali hilo halikuwepo. DVD moja ilibeba GB 4.7, ikijaa unaongeza ya pili, na mambo yanaisha. Leo laptopu mpya hazina hata pa kuingizia DVD, na runinga ya sebuleni ina poti ya USB ubavuni. Kwa hiyo ndoa, mahafali ya mtoto, sauti ya babu akitoa nasaha ukumbini, vyote vinaishia ndani ya kijiti kidogo kuliko kidole gumba. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu kijiti hicho kinanunuliwa kwa kuangalia namba moja tu, ile iliyochapwa kwenye ganda, kisha kinaaminiwa miaka na miaka. Kwangu mimi namba hiyo ni ya mwisho kuangaliwa.

Hata hivyo tuanze nayo, maana ndiyo inayoulizwa. Kamera inayorekodi 4K, yaani video ya ukali wa juu, kwa megabiti 100 kwa sekunde, kiwango cha kawaida katika kazi yetu, inakula MB 12.5 kila sekunde, maana biti nane ni baiti moja. Dakika moja ni MB 750, saa moja ni GB 45. Harusi ya Dar es Salaam inaanzia saluni, inapita kanisani au msikitini, inakwenda ufukweni kupiga picha, inaishia ukumbini saa sita za usiku. Kamera mbili zikifanya kazi siku hiyo, kupata saa nane za picha ghafi si ajabu, na hizo ni GB 360. Video iliyohaririwa ni nyepesi zaidi: saa moja ya 4K kwa megabiti 40 ni GB 18, na saa moja ya 1080, yaani ukali wa chini ya 4K, kwa megabiti 8 ni GB 3.6 tu. Anayetaka video iliyokamilika peke yake, flashi ya GB 64 inamtosha na kubaki, asikubali kusukumiwa kubwa zaidi. Anayesema "naomba kila kitu, hata mlivyopiga bila mpangilio", huyo ndiye wa GB 512.

Akiichomeka hiyo ya 512 kwenye kompyuta ya Windows ataona GB 476. Wengi hupiga simu hapo wakidhani wamepunjwa. Hawajapunjwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inagawa kwa 1,073,741,824 kisha inaandika "GB" ileile. Ndiyo maana 256 inaonekana 238, na 128 inaonekana 119. Kompyuta za Mac zinahesabu kama mtengenezaji, kwa hiyo huko namba zinalingana. Ubaya ni kwamba flashi ya uongo nayo itakuonyesha 476 hizohizo bila kupungua hata moja.

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Ndani ya flashi kuna vitu viwili vya maana: chipu inayohifadhi data, na kidhibiti, yaani chipu ndogo inayosimamia ile nyingine na kuongea na kompyuta. Kompyuta haiioni chipu ya kuhifadhi. Inakiuliza kidhibiti, "Una nafasi kiasi gani?" na inaamini jibu. Wanaotengeneza flashi za uongo huchukua chipu ya GB 16 au 32, mara nyingine iliyokataliwa kiwandani kwa ubovu, kisha wanakipanga kidhibiti kijibu "TB 2", yaani GB 2,000. Jedwali lenye majina na ukubwa wa faili hukaa mwanzoni, kwenye sehemu ambayo kweli ipo. Kwa hiyo ukinakili GB 360 kila kitu kinaonekana sawa: folda zipo, majina yapo, ukubwa umeandikwa vizuri. Data yenyewe iliyozidi uwezo wa chipu ama imetupwa, ama imeandikwa juu ya ile iliyotangulia. Siku mteja akikaa na wazazi kutazama, kanisani panacheza vizuri, ukumbini hapafunguki. Na lawama anayeibeba ni mpigapicha.

Muuzaji atakwambia, "Dada yangu, hii tera mbili, orijino kabisa," na pengine naye ameuziwa hivyohivyo na wa jumla. Huna haja ya kugombana naye. Jua tu historia ya bidhaa yenyewe. Flashi za kwanza madukani, mwaka 2000, zilikuwa za MB 8. Kingston walitangaza flashi ya TB 1 mwaka 2013, na ya TB 2 mwaka 2017. Mpaka leo TB 2 ya kweli kwa umbo la flashi ni bidhaa adimu na ya gharama, wakati 128, 256 na 512 ni za kawaida kwa makampuni makubwa. Ukikuta TB 2 mezani kwa bei ya GB 16, usihangaike kutafuta sababu ya punguzo. Hiyo ni GB 16 iliyoandikwa vingine.

Ganda halisaidii. Nembo za SanDisk, Kingston na Samsung zinaigwa vizuri sana, boksi zinaigwa, hata ile plastiki ngumu ya kuchana kwa mkasi inaigwa. Uzito, rangi, ukali wa maandishi, hivyo vyote watu huvitaja lakini mimi siviamini. Ushahidi ninaoukubali ni kuijaza flashi mpaka mwisho kisha kuisoma tena yote. Zipo programu za bure za kazi hiyo. Kwenye Windows kuna H2testw, ya zamani lakini bado inafanya kazi yake, iliyotoka katika jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Kwenye Linux na Mac kuna F3, ambayo unaiendesha kwa amri mbili: f3write inaandika, f3read inasoma na kukupa jibu. Kuna pia ValiDrive ya Windows, inayopima sehemu mia kadhaa zilizotawanyika ndani ya flashi badala ya kuijaza yote, na inamaliza mapema zaidi. Pima flashi ikiwa tupu, kabla hujaweka chochote chako.

Upimaji kamili ni kazi ya usiku. Flashi ya 512 inayoandika MB 30 kwa sekunde inahitaji karibu saa tano za kuandika tu, kabla ya kusoma. Mimi huichomeka kwenye laptopu iliyojaa chaji, ili umeme ukikatika zoezi lisiharibike, nakwenda kulala. Usiye na kompyuta unaweza kupima kwa simu, kwa njia ya kienyeji kidogo: jaza video zako halisi mpaka nafasi iishe, chomoa flashi, ichomeke upya, kisha fungua zile za mwisho na zile za kwanza uzitazame mwanzo, kati na mwisho. Kuchomoa ni lazima, maana bila hivyo kifaa kinaweza kukuonyesha nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake chenyewe, nawe ukadhani unatazama flashi.

Kabla ya kulipa Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kwa walio Nairobi, sema wazi: "Kaka, hii naipima leo usiku. Ikiwa pungufu kesho naileta." Mwenye duka anayejua mzigo wake atakubali na kukupa risiti. Anayeanza kusema flashi hazirudishwi ameshakujibu.

Ukishapata ya kweli, linalofuata ni kasi. Hapa hakuna uhalifu, ila maandishi ya boksi yamejaa mitego. "USB 3.0", "USB 3.1 Gen 1" na "USB 3.2 Gen 1" ni kitu kimoja: gigabiti 5 kwa sekunde, kiwango kilichotoka mwaka 2008 na kubadilishwa jina mara kwa mara. Huo ni upana wa barabara tu. Gari lenyewe ni chipu, na chipu za bei nafuu zinakwenda polepole. Ukiona "hadi MB 150 kwa sekunde", hiyo kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Kasi ya kuandika, inayokuhusu wewe unayenakili harusi, mara nyingi haiandikwi kabisa. Mimi boksi lisilotaja kasi ya kuandika nachukulia kwamba kasi hiyo ni ndogo.

Halafu kasi ya mwanzo si kasi ya mwisho. Flashi nyingi zina eneo dogo la haraka linalopokea data kwanza. Kwa GB chache za mwanzo unaona MB 80 au 100 kwa sekunde na moyo unafurahi, kisha eneo hilo linajaa na kasi inaanguka hadi 20, hata 10. Kwa nyaraka za ofisini hutalijua hilo maisha yako yote. Kwa GB 360 ni tofauti ya siku nzima: kwa MB 100 kwa sekunde unamaliza kwa saa moja, kwa 20 ni saa tano, kwa 10 ni saa kumi. Zipo flashi zilizotengenezwa kwa teknolojia ya SSD, zile diski za kasi za kompyuta, kama DataTraveler Max ya Kingston, ambayo kampuni inaitangaza kwa MB 1,000 kusoma na 900 kuandika. Ni ghali, lakini anayekabidhi kazi kubwa kila wiki atairudisha pesa hiyo kwa muda anaouokoa. Kwa mteja wa mara moja sioni sababu.

Angalia pia poti yenyewe. Flashi ya kasi ukiichomeka kwenye poti ya USB 2.0 itatembea kwa MB 30 au 40 kwa sekunde basi. Poti za USB 3 mara nyingi zina plastiki ya buluu ndani, na plagi yake ina vipande vya shaba tisa: vinne mbele kama zamani, vitano nyuma yake. Ukiona vinne tu kwenye flashi iliyoandikwa 3.0, irudishe mezani.

Flashi zenye ncha mbili, USB ya kawaida upande mmoja na USB-C upande mwingine, nazipendekeza kwa moyo wote. Familia nyingi hazina kompyuta lakini zina simu yenye USB-C. Umbo jingine lolote ni juu yako, isipokuwa vile vidude vifupi vinavyokaa ndani ya poti vikiacha ncha ya kucha: vinapata joto sana, na vinapotea.

Sasa fomati, yaani namna flashi inavyopangwa kuhifadhi faili. Hapa wahariri wenzangu tunawasumbua wateja bila kujua. FAT32 inasomwa na karibu kila kitu, runinga, redio ya gari, king'amuzi, lakini haikubali faili moja linalofika GB 4. Video yako ya 4K ya GB 18 haiingii, na kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno ingawa flashi ina GB 400 tupu. exFAT, iliyotoka Microsoft mwaka 2006, haina kikwazo hicho, inaandikwa na Windows, Mac, Linux ya sasa na simu nyingi mpya. Tatizo lake ni runinga za bei nafuu na redio nyingi za magari, ambazo zikiiona hunyamaza au husema hakuna kifaa. NTFS inasomwa na runinga kadhaa, ila Mac inaisoma bila kuweza kuiandika.

Utaratibu ninaoufuata, na ningependa uenee, ni kukabidhi flashi mbili. Moja ndogo, GB 32, FAT32, yenye video ya 1080 iliyokatwa vipande visivyozidi saa moja kila kimoja. Kwa megabiti 8, saa moja inaingia chini ya ule mpaka wa GB 4. Hiyo ndiyo ya runinga ya mama mkwe kijijini. Ya pili kubwa, exFAT, yenye 4K na picha ghafi, ni ya kupeleka kwenye kompyuta na kuhifadhiwa. Ya runinga naitoa kwa H.264, mfumo wa zamani wa kubana video, kwa kuwa runinga za zamani zinaposhindwa H.265, ule mpya zaidi, hutoa sauti bila picha, na mzee wa watu anabaki kudhani runinga yake imekufa.

Kuhusu matumizi ya kila siku, la kwanza ni stesheneri. Kompyuta ya stesheneri inapokea flashi za mtaa mzima kuanzia asubuhi. Flashi yenye harusi yako haina kazi pale. Nunua ndogo ya kuchapia CV na barua, na hiyo ndiyo iwe ya kuzunguka. Ikitokea umeingiza kubwa, na ukarudi nyumbani ukakuta folda zako zote zimegeuka vialama vya njia ya mkato, usikubali ushauri wa "tufomati tu". Kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakifuti kitu, kinaficha. Usibonyeze vile vialama, vitakiamsha tena. Washa uonyeshaji wa faili zilizofichwa, nakili vyako mahali salama kwenye kompyuta yenye kinga, ndipo ufomati.

La pili ni kuchomoa. Windows, tangu toleo la mwishoni mwa 2018, imepangwa kwa kawaida iruhusu kuchomoa bila kubonyeza chochote, mradi uandishi umekwisha. Mac na Linux bado zinashikilia data pembeni na kuiandika baadaye kidogo. Kwa flashi kubwa ya exFAT nasema ibonyeze daima ile amri ya kutoa kwa usalama, kwenye kifaa chochote. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kujirekebishia kama NTFS, na jedwali likikatwa katikati ya kuandikwa unaweza kupoteza folda nzima, sio faili moja.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni muda. Chipu hizi zinatokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake pale Toshiba katika miaka ya 1980. Zinahifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Chaji hiyo inavuja polepole. Seli za flashi za leo hubeba biti tatu, maana yake lazima kidhibiti kitofautishe viwango vinane vya chaji ndani ya seli moja. Zinazobeba biti nne zina viwango kumi na sita. Uvujaji mdogo tu unatosha kuchanganya kiwango kimoja na jirani yake. Joto linaharakisha uvujaji, na kila uandishi unaichosha seli. Flashi mpya iliyoandikwa mara chache na kuwekwa mahali pa baridi itakaa miaka. Flashi iliyochoka, ikaachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Ubungo, hiyo siiwekei dhamana ya aina yoyote.

Ndiyo maana nawaambia wateja bila kuficha: flashi niliyowapa ni ya kubebea. Wiki hiyohiyo waihamishie kwenye diski ya nje, ambayo kwa kila TB ni nafuu kuliko flashi, na nakala ya video iliyokamilika waiweke mtandaoni, hata kama ni ile ya 1080 peke yake. Nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Wapigapicha duniani kote wanaufuata utaratibu huo kwa sababu nyumba huungua na mikoba huibwa. Flashi ibaki kabatini kama nakala mojawapo, na mara moja kwa mwaka ichomekwe, ifunguliwe, itazamwe kama bado inasoma.

Mikoba kuibwa kunanipeleka kwenye faragha. Juni 2022, huko Amagasaki nchini Japani, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa chini ya mkandarasi wa manispaa alitoka na flashi yenye taarifa za wakazi wote wa mji, watu wapatao 460,000. Alikwenda kunywa na wenzake, akalala njiani, alipoamka mkoba haupo. Ulipatikana baada ya siku chache, na data ilikuwa imefungwa kwa nenosiri, lakini mji mzima ulikuwa umeshaingia hofu. Sisi tunabeba sura za watoto, anwani za nyumba, sauti za watu wakilia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mimi naona sheria hizo zinatuhusu sana wapigapicha.

Flashi ninayosafiri nayo kutoka ukumbini imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya nenosiri ya Windows; anayetumia kompyuta za aina mbalimbali anaweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni bure. Ya mteja siifungi, kwa sababu runinga haijui nenosiri. Na sirudii kumpa mteja mmoja flashi iliyowahi kubeba ya mwingine. Kufuta au kufomati kwa haraka kunaondoa jedwali tu, na programu za bure kama PhotoRec zinafufua picha kwa wingi.

Mwisho, ujue dalili za flashi inayokufa. Inachukua muda mrefu kuonekana, inajitoa na kujirudisha yenyewe, inapata joto bila kazi, au ghafla inakataa kuandikwa lakini bado inasoma. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni kidhibiti kimeona seli zimechoka, kikafunga uandishi ili kilichopo kiokolewe. Usiifomati, usiijaribu kwenye kompyuta tano. Nakili kwanza yale ambayo hayapo kwingine kokote, faili mojamoja kama folda nzima inakwama, ukianza na video iliyokamilika kabla ya picha ghafi. Ikigoma kabisa na data ni ya thamani, iache bila kuichomeka tena na umtafute fundi wa kuokoa data, sio fundi simu. Mweleze pia kama ni kile kidude kifupi, kwa kuwa vingi vya aina hiyo vina chipu na kidhibiti vilivyomiminwa pamoja katika kipande kimoja, na kazi yake ni ngumu na ghali zaidi.